Tufaha Lililovuka Paa la Vicko

Ungemuuliza mtu yeyote wa mtaa wa Varoš, pale Split chini ya kilima cha Marjan, Dujka wa tanuri ni nani, kabla ya kukujibu angekunja ngumi na kunyanyua mkono wake kukuonyesha msuli. Mikono ya Dujka ilijulikana kuliko uso wake. Tangu alipoolewa akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa akipasua kuni, akisukuma sepetu la mikate ndani ya tanuri na kulitoa, asubuhi hata asubuhi, na sasa alikuwa amefika arobaini na nne.

Baba yake alikuwa mkulima wa mizabibu, mtu maskini mwenye sauti nzuri. Mumewe, Lovre, alikuwa mwenye tanuri, na alikufa kwa ugonjwa wa kifua miaka tisa kabla ya haya ninayoyasimulia. Hawakubahatika kuacha mtoto. Watu walidhani mjane angefunga tanuri akarudi kwa kaka zake, lakini kesho yake baada ya maziko moshi ulionekana kama kawaida. Walipomuuliza, Dujka alishangaa.

"Mlikuwa mmeshakanda," alisema. "Mlitaka unga uchache hadi lini?"

Wanawake wa Varoš walikuwa na desturi ya kukanda nyumbani na kupeleka mikate tanurini juu ya ubao, kichwani, kila mmoja akiwa ameutia mkate wake alama: huyu msalaba, yule mashimo mawili ya vidole, mwingine mkia wa samaki. Dujka alizijua nyumba zote kwa alama zake. Alidai hata kwamba akiugusa unga tu anajua nani kagombana na mumewe, maana unga wa mwanamke mwenye hasira huwa umekandwa vizuri zaidi.

Upande wa pili wa ukuta wake aliishi Vicko, fundi mapipa, mjane kama yeye, mrefu, mkimya, mwenye nyusi nene kama brashi. Aliishi na dada yake mkubwa, Jakobina. Kwa miaka minane Vicko na Dujka walikuwa wakigombana juu ya ukuta ule.

"Dujka! Moshi wako umeingia kwenye mbao zangu tena! Divai ya watu itanuka soseji!"

"Nishukuru basi! Divai ya mapipa yako ilikuwa hainuki chochote!"

Asiyewajua angesema wanachukiana. Mandalina, aliyeshinda dirishani upande wa pili wa kichochoro, alikuwa na maoni tofauti, ila Mandalina alikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Alichokuwa hajui hata yeye ni kwamba tanuri la Dujka lilikuwa na matundu mawili ya moshi. Moja lilielekea kilimani na halikumsumbua mtu. La pili lilielekea uani kwa Vicko. Siku ambazo Vicko alikuwa ameshasema neno lolote kwa sauti, hata kumtukana punda, Dujka alifungua tundu la kilimani. Siku ambazo kulikuwa kimya kule ng'ambo, alifungua la pili, kisha akasimama karibu na ukuta akisubiri kugombezwa.

Mwaka wa 1784 tauni ikaingia mjini. Sitaki kusimulia mikokoteni wala mashimo, waliokuwepo wanayajua. Kwaresima ilipokwisha, kila kichochoro cha Varoš kilikuwa na nyumba yenye msalaba wa chokaa mlangoni na mbao zilizopigiliwa misumari. Ofisi ya Afya iliamuru nyumba yoyote iliyotoa maiti ifungwe siku arobaini na waliomo ndani. Kitu kuingia, ruhusa. Kitu kutoka, hata uzi, marufuku.

Wanawake walikatazwa kupeleka unga tanurini. Badala yake ofisi ilimletea Dujka unga wa magunia, yeye aokee mtaa mzima. Tena amri ilisema mkate usitolewe mpaka upoe kabisa, kwa kuwa mkate wa moto, kwa maoni ya wakubwa, hufyonza ugonjwa kama sifongo.

"Mkate wangu haujawahi kufyonza kitu isipokuwa mafuta ya zeituni," Dujka alimwambia Zuane, askari mzee aliyewekwa kulinda kichochoro.

"Mama, mimi sikuiandika hiyo amri. Mimi hata kusoma sijui. Poza mkate."

Halafu likaja swali la nani atafikisha mikate kwenye nyumba zilizofungwa. Hakuna aliyetaka kukaribia madirisha yale. Dujka akaenda kulichomoa sepetu lake, ule ubao mpana wenye mpini mrefu kama watu wawili waliolala chini, akaweka mkate juu yake, akasimama katikati ya kichochoro na kuufikisha hadi dirisha la ghorofa ya pili bila kutikisika. Mtu wa ndani akauchukua. Mtaa ukapiga makofi. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo ikawa kazi yake, na hakuna nyumba iliyolala na njaa. Kwenye kila dirisha aliacha na neno: habari ya jirani, mzaha, mara nyingine tusi dogo la kumtia mtu nguvu. Wapo waliosema walikuwa wakisubiri lile tusi kuliko mkate.

Katikati ya Aprili Jakobina akafariki, na msalaba wa chokaa ukachorwa kwenye mlango wa Vicko. Akabaki peke yake ndani.

Siku hiyo Dujka alisimama nyuma ya ukuta wake. Hatimaye akasema, "Jirani. Pole. Alikuwa mtu mwema."

"Alikupenda," Vicko akajibu kutoka ng'ambo. Kisha akaongeza, "Hakupenda moshi wako."

Dujka alicheka na kulia kwa pamoja, na ndipo alipokiri moyoni mwake jambo alilokuwa akilikwepa miaka minane: akimpoteza mtu yule, hakuna mkate utakaokuwa na ladha tena. Akaanza kuhesabu. Arobaini. Thelathini na tisa.

Kila asubuhi tabibu wa ofisi alipita na fimbo yake ndefu na kumwita kila aliyefungiwa aje dirishani. Ilikuwa kanuni: mtu anyanyue mikono, ajipige makwapani kwa viganja, kisha ajipige penye maungio ya mapaja, kwa nguvu. Mwenye uvimbe wa tauni hawezi kujipiga hapo bila kupiga kelele. Akionekana na dalili, siku arobaini zinaanza upya, kama hapelekwi hospitali ya kisiwani ambako wachache walirudi. Vicko, mtu aliyeona aibu hata kuimba kanisani, alilazimika kujipigapiga hivyo mbele ya Mandalina kila siku.

"Nguvu kidogo, fundi!" Mandalina alimwambia. "Hapo unafukuza nzi!"

Siku ya ishirini na mbili ikaangukia sikukuu ya Mtakatifu Duje, msimamizi wa mji, ambaye Dujka alipewa jina lake. Miaka mingine kungekuwa na maandamano, ngoma za askari na nyama ya kuchoma. Mwaka huo mikusanyiko ilipigwa marufuku. Kengele tu ndizo zilizolia, na watu wakavaa nguo zao nzuri wakakaa madirishani kutazamana. Dujka alitia mbegu za shamari kwenye mikate ili sikukuu iwe na harufu. Mfukoni alikuwa na tufaha, la mwisho kati ya yale aliyoyahifadhi kwenye majani makavu tangu vuli, limejikunja ngozi lakini gumu kama jiwe. Alipanga kuliweka juu ya mkate wa Vicko.

Alipofika kwake akagonga dirisha la juu kwa ncha ya sepetu. Kimya.

"Vicko! Mkate!"

Kimya.

"Vicko, nina shughuli nyingine! Njoo uchukue mkate wako, mtu wa ajabu wee!"

Vicheko vya madirishani vikapungua, kisha vikaisha. Asubuhi ile tabibu hakupita kwa sababu ya sikukuu. Hakuna aliyekuwa amemwona Vicko tangu jana. Zuane akaivua kofia yake taratibu, na Dujka alipoiona ile kofia ikivuliwa, damu ilimpanda kichwani.

"Irudishe kichwani!" akamfokea. Akaliegemeza sepetu ukutani, akatoa tufaha mfukoni na kulirusha kwenye dirisha ili ashtue kama amelala.

Lakini mikono ile haikujua kurusha kidogo. Tufaha halikugonga dirisha. Lilipanda likapita dirisha, likapita ukingo wa paa, likapita bomba la moshi, likatokomea ng'ambo ya nyumba. Mtaa mzima ulilifuata kwa macho. Sekunde moja, mbili. Halafu kutoka bustani ya nyuma sauti nene ikapaa:

"Aaai! Kichwa changu! Nani huyo?"

Alikuwa hai. Alikuwa amekaa nyuma akipalilia maharage na kengele zimemziba masikio. Dujka alijishika magoti na kupumua kama aliyepanda Marjan mbio.

Hapo Mandalina akainuka dirishani mwake. Alishika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema. "Jamani! Bibi harusi ametupa tufaha!"

Kwa watu wa huko lilikuwa jambo zito. Bibi harusi anapofikishwa mara ya kwanza nyumbani kwa mume, husimama nje na kurusha tufaha juu ya paa. Likivuka, ameingia na heri, ni mama wa nyumba ile. Likirudi, wazee wanatikisa vichwa. Na hapa mwanamke mjane alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mwanamume mjane, siku ya sikukuu, kengele zikilia, na tufaha limevuka hata bomba la moshi. Majuma sita mtaa ule ulikuwa haujasikia la furaha. Ukalirukia hilo kama mbwa aliyefunguliwa kamba. Masufuria yakapigwa. Mtu akaanza wimbo wa harusi, na wimbo ukarukia dirisha hadi dirisha mpaka juu kwenye ngazi za kanisa.

"Nyamazeni!" Dujka alipiga kelele, uso umemwiva. "Nilikuwa namwamsha! Ni mkate tu! Zuane, waambie!"

"Mimi nimeona tufaha," Zuane akasema. "Limepita."

Vicko alikuwa ameingia ndani na sasa alitokea dirishani, tufaha mkononi, nundu inaanza kuota kwenye paji la uso. Mtaa ukanyamaza.

"Lilipita wapi?" aliuliza. "Katikati ya paa au pembeni?"

"Katikati, fundi!" madirisha yakajibu. "Juu ya bomba!"

"Halikugusa kigae?"

"Halikugusa!"

Vicko akatafakari, kama anavyotafakari pipa aone kama linavuja. "Basi ni halali," akasema, akaling'ata tufaha.

Dujka aliusukuma mkate dirishani nusura umng'oe meno, akaondoka bila kuaga. Lakini jioni ile, akisugua beseni lake, alijikuta akiimba, akajifunika mdomo kwa kiganja chenye unga.

Tangu hapo ukaguzi wa asubuhi ukawa tamasha. Vicko akiitwa na tabibu dirishani, kichochoro kizima kilihesabu kwa sauti: kwapa la kulia, kwapa la kushoto, paja, paja! Na kila pigo kelele za shangwe. "Bwana harusi mzima!" walipaza. Tabibu, mtu wa Venisi asiyejua lolote, aliandika kwenye daftari lake kwamba wakazi wa Varoš wanashiriki katika kanuni za afya kwa bidii isiyo ya kawaida.

Asubuhi ya siku ya thelathini na moja Vicko alinyanyua mkono wa kulia vizuri. Wa kushoto ukapanda polepole, ukaishia begani. Alipojipiga, alifumba macho na kuuma mdomo.

Hakuna aliyehesabu.

"Tena," tabibu akasema.

Akajipiga tena, na sauti ikamtoka.

"Mpeni siku tatu," tabibu akasema, akisogea nyuma hatua mbili. "Kama hali ni hiyo hiyo, kisiwani."

Dujka alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni kwake. Siku ya kwanza aliunguza mikate, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na mtaa ukaila mikate nyeusi bila neno. Siku ya pili alienda ukutani.

"Vicko. Niambie kweli. Una uvimbe?"

"Sina."

"Homa?"

"Sina."

"Sasa una nini? Usinifiche, nitaruka ukuta huu, na wanifungie humo humo!"

"Usiruke," Vicko alisema haraka. "Ni bega. Nimelitegua."

"Kwa kufanya nini, umefungiwa ndani huna hata mteja?"

Vicko akajibu kwa sauti ya mtu anayeungama: "Nilikuwa nahamisha mapipa. Vyumba viwili vya chini vilijaa mapipa. Nimeyapandisha darini, yote kumi na saba. Nilitaka pawe na nafasi ya mtu."

Dujka aliweka paji la uso kwenye mawe ya ukuta.

"Mbona hukumwambia tabibu?"

"Mbele ya Mandalina?"

Dujka alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye alimtumia, juu ya sepetu, kitambaa chenye mafuta ya zeituni na chumvi ya moto kwa ajili ya bega, na Zuane alipouliza kama vitu vya moto vinaruhusiwa, alimtazama hivi kwamba Zuane akakumbuka ana kazi mwisho wa kichochoro. Siku ya tatu Vicko alinyanyua mikono yote miwili. Alijipiga kwapa la kushoto hata njiwa wakaruka kutoka paani. Wanawake walilia hadharani. Tabibu akaandika: mzima.

Siku ya arobaini Zuane aling'oa misumari. Vicko alitoka akiwa amejiosha kwa siki, amenyoa ndevu, amevaa shati alilopewa na Ofisi ya Afya ambalo mikono yake iliishia viwikoni. Alikuwa amekonda. Dujka alisimama ng'ambo, mbele ya tanuri, amevaa gauni lake la kanisani akijidanganya kwamba ndilo lililokuwa safi. Kati yao Zuane alinyoosha fimbo, kwani anayetoka hukaa siku nane zaidi asiguswe na mtu.

Ilionekana hotuba ya Vicko ilikuwa tayari.

"Dujka," alisema, "wewe ulikuwa unaniletea mkate. Mtaa ndio uliofanya mchezo, na mimi nikaingia, kwa sababu nilikuwa peke yangu na ilinifurahisha. Siwezi kumbana mwanamke kwa bahati ya tufaha. Uko huru. Nilitaka uyasikie kwangu."

Madirisha yote yalivuta pumzi.

Dujka alihisi uso ukiwaka. Miaka minane alijificha nyuma ya moshi, na siku kumi na nane nyuma ya kelele za majirani, na sasa hapakuwa na cha kujificha nyuma yake.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize, mtu mzima hovyo wee. Lile tufaha lilikuwa la kula. Mimi nilidhani umekufa. Nilidhani umekufa na sijawahi kukuambia. Sasa nakuambia, bila tufaha, bila mtu kunisukuma: nakutaka. Nimekutaka tangu mwaka ule ulipomtukana punda wa muuza mkaa na kumwomba radhi jioni. Na kama hunitaki, sema, niende, nina unga unachacha."

Vicko alifungua mdomo. Nyusi zake zilipanda juu kabisa, akaonekana kijana.

"Yule punda nilimkosea," alisema taratibu. Kisha, "Nakutaka. Vyumba viwili chini, vyote vitupu."

Kelele zilizofuata, wanasema, zilisikika ndani ya jumba la kifalme la zamani mjini, na wakubwa wa Ofisi ya Afya walituma mtu aje kuuliza kama kuna ghasia. Padri Frane aliitwa. Aliwaozesha Jumapili iliyofuata pale kichochoroni, yeye amesimama kwenye ngazi, bwana upande huu, bibi upande ule, na fimbo ya Zuane katikati, wageni wote wakiwa madirishani mwao na bilauri zao wenyewe. Walikuwa mume na mke siku kadhaa kabla ya kugusana mikono. Wakati huo nyumba ilifukizwa kiberiti na kupakwa chokaa, na wao walikaa kila mmoja kwenye kizingiti chake, wakibishana kama moshi unaharibu mapipa yaliyoko darini.

Siku nane zilipokwisha, Zuane alipita asubuhi kwenye zamu yake akakuta mlango wa Vicko umefungwa, madirisha yamefungwa, na hakuna moshi kwenye tanuri kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Akashtuka.

"Mama Mandalina! Nani ameifunga nyumba hii? Kuna agizo jipya?"

"Hakuna agizo," Mandalina akasema, akiegemea kiwiko chake dirishani. "Wamejifunga wenyewe. Nenda kapumzike, baba. Leo tutakula mkate wa jana."